Gari Kuukuu kutoka Ng'ambo: Uagizaji, Uunganishaji na Suala la Umri wa Magari katika Kibaha na Kisarawe, 1907–2024

Utangulizi

Mkazi wa Kibaha au Kisarawe akitaka leo kuagiza kutoka Marekani gari la miaka ya 1960, lile la milango miwili na injini kubwa ya silinda nane ambalo Wamarekani wenyewe hulisifia misuli, kinachomlemea zaidi si nauli ya meli bali ni mwaka wa kutengenezwa kwa gari lenyewe. Tuseme gari hilo limegharimu dola 20,000 hadi kufika bandari ya Dar es Salaam, bima na nauli zikiwamo. Kwa viwango vilivyotumika katika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 5,000. Juu ya jumla hiyo ya 25,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu injini imezidi sentimita za ujazo 2,000, nao ni dola 2,500. Kisha huja ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari lisilo la kazi lenye umri unaozidi miaka 10 ni asilimia 30, yaani dola 7,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla ya vyote hivyo na kuongeza dola 6,300. Gari la dola 20,000 limekwisha kuwa la dola 41,300, na bado hayajahesabiwa makato madogo kama tozo ya maendeleo ya reli, ada za bandari na usajili.

Katika hesabu hiyo, kipengele kikubwa kuliko vyote ni ushuru wa uchakavu, unaouzidi hata ushuru wa forodha wenyewe. Neno uchakavu nalo linastahili kutazamwa kwa makini. Katika Kiswahili cha kila siku, kitu chakavu ni kilichotumika hadi kikaharibika. Nguo iliyotunzwa kabatini kwa miaka 50 ni nguo ya zamani, lakini si chakavu. Ratiba ya ushuru haiitambui tofauti hiyo. Inatofautisha gari la kazi na gari lisilo la kazi, na inatofautisha miaka 8 na miaka 10, lakini haitofautishi gari lililooza na gari lililohifadhiwa.

Insha hii inachunguza jinsi umri ulivyopata kuwa kipimo cha gari linaloingia nchini, na inafanya hivyo kwa kuzitazama wilaya mbili za Mkoa wa Pwani ambazo historia ya magari imezipita kwa haraka mno. Hoja yake ni kwamba Kibaha na Kisarawe zinaonesha mpangilio tofauti na ule unaodhaniwa na ratiba ya ushuru. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, gari kutoka ng'ambo halikufa kwa sababu ya umri. Lilikufa kwa kukosa kipuri, na kipuri kilikosekana kwa kukosa fedha za kigeni. Kulifanya gari kuukuu liendelee kuishi ilikuwa kazi ya kiufundi yenye thamani, tena mara nyingine iliyofanikiwa kuliko kazi ya viwanda vilivyojengwa ili kuifanya isihitajike.

Tafiti za karibuni zimeandaa uwanja. Joshua Grace, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu magari na maendeleo nchini Tanzania, amewaweka mafundi wa gereji katikati ya historia ya teknolojia badala ya pembezoni. Matteo Rizzo, katika kitabu cha 2017, amechambua uchumi wa daladala na ajira zake. Wote wawili wanaelemea Dar es Salaam, na ni haki yao, kwa kuwa huko ndiko magari yalikojaa. Hata hivyo, gari lililoshuka Dar es Salaam halikubaki huko lote. Lilipanda Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, au lilipita Ukonga na Gongo la Mboto na kupanda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, na katika njia hizo mbili ndipo uimara wake ulipopimwa.

Gari la kwanza na vipuri vyake

Tarehe 10 Agosti 1907 Paul Graetz, aliyekuwa ofisa katika jeshi la kikoloni la Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam akiendesha gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, likiwa limeinuliwa makusudi ili lipite juu ya visiki na mawe. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo kwa kawaida husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja na mashine yake. Ikisomwa kutoka upande wa Uzaramo, ambao ndio uliokuwa sehemu yake ya mwanzo, inaonekana kuwa kitu kingine. Petroli ilikuwa imetangulizwa njiani kwa vichwa vya wapagazi. Injini ilipopata hitilafu, safari ilisimama kwa muda mrefu ikisubiri vyuma kutoka Ujerumani. Gari lilikuwa limekwisha kuvuka bahari, lakini uhai wake ulikuwa bado uko Ulaya.

Wakati wenyewe nao una maana. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinamalizika. Uzaramo, ambako Wajerumani walikuwa wamelazimisha mashamba ya pamba chini ya maakida, ilikuwa imeshiriki, na Kibasila wa Kisangire alikuwa amekwisha kunyongwa. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Kwa mkazi wa Kisarawe wa mwaka huo, gari la Graetz lilikuwa ajabu ya siku moja. Barabara iliyofyekwa kwa kazi ya lazima na reli iliyopita kando ya shamba ndiyo iliyobaki.

Utawala wa Kiingereza haukubadili jambo hilo kwa haraka. Malori yaliongezeka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na reli ya kuilinda na haikupenda lori lishindane nayo. Kisarawe, makao ya utawala wa Uzaramo, ilipata magari ya boma na ya misheni kabla ya kupata magari ya wananchi. Bidhaa za wakulima, yaani mihogo, korosho, nazi na mkaa, ziliendelea kwa muda mrefu kwenda mjini kwa miguu na baiskeli, au kwa lori la mfanyabiashara lililotegemea msimu. Mvua za masika zikianza, njia ya Maneromango iliamua yenyewe gari gani lipite.

Misuli ya Marekani katika Afrika Mashariki, 1964

Kama kuna wakati ambapo gari la Kimarekani la silinda nane lililetwa Afrika Mashariki kwa makusudi, tena kwa ajili ya kupimwa, ni mwaka 1964. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalikuwa yamejenga sifa ya kuvunja magari. Mwaka 1963 yaliingia magari 84 na yakamaliza 7 tu. Kampuni ya Ford ya Marekani, kupitia tawi lake la Mercury, ilitoka katika majaribio ya mwendo mrefu huko Daytona, ambako magari ya Mercury Comet yalikuwa yamekimbizwa maili 100,000 kwenye njia laini ya mbio. Mwaka uliofuata ikaleta kikosi cha Comet Afrika Mashariki, yakiwa yameandaliwa California na Bill Stroppe. Mengi hayakumaliza. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, akiwa na Bill Young, katika Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza lenye silinda nne.

Tukio hilo limechukuliwa na waandishi wa michezo kama mkasa wa kuchekesha, ilhali lina somo zito kidogo. Comet halikushindwa kwa udhaifu wa injini, maana nguvu lilikuwa nazo za kutosha na kubaki. Nguvu hizo zilikuwa zimepimwa mahali ambapo barabara haibishani na gari. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda mashindano hayohayo akiendesha Volvo PV544, gari la umbo la zamani ambalo lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwake. Kwa kipimo cha umri, PV544 lilikuwa limepitwa na wakati. Kwa kipimo cha barabara za Afrika Mashariki lilikuwa bora. Dar es Salaam yenyewe ilipewa heshima ya kuwa mahali pa kuanzia mwaka 1972, na Hannu Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Baada ya 1973 mashindano yalibaki Kenya peke yake.

Magari makubwa ya Kimarekani hayakupata mizizi Tanganyika. Usukani wa kushoto katika nchi inayoendesha kushoto ni sababu mojawapo, na unywaji wa mafuta ni nyingine. Sababu nzito zaidi ilikuwa mtandao wa wauzaji na vipuri, ambao tangu enzi ya ukoloni ulielekea Uingereza, yaani Land Rover, Bedford, Austin na Leyland, na kwa wenye nafasi Mercedes-Benz ya Ujerumani, iliyowapa wakubwa wa baada ya uhuru jina la kejeli la Wabenzi. Si bahati mbaya kwamba neno V8 lilipokuja kuenea katika Kiswahili cha Tanzania miaka mingi baadaye halikumaanisha Mustang wala Camaro. Lilimaanisha Toyota Land Cruiser ya kiongozi.

Fedha za kigeni kama mlinzi wa mlango

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya nje iliwekwa chini ya mashirika ya umma. Kwa magari, mlango ulikuja kuwa SMC, shirika la umma la magari, huku leseni ya kuagiza na mgawo wa fedha za kigeni vikitegemea Benki Kuu. Katika mfumo huu umri wa gari haukuwa swali hata kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa moja tu, nalo ni nani amepewa dola. Gari jipya lililetwa kwa mpango, likagawiwa kwa kibali, na likatarajiwa kuishi hadi mgawo mwingine utakapopatikana, jambo ambalo mara nyingi lilimaanisha miaka mingi sana.

Misukosuko ilifuatana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, na kwa hilo ikakatika njia moja ya vipuri. Vita vya Kagera vya 1978–79 vilichukua malori ya mashirika na ya watu binafsi kwenda mstari wa mbele. Serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Kwa wilaya kama Kisarawe, ambayo iko umbali wa kilomita 30 hivi tu kutoka katikati ya Dar es Salaam, matokeo yalikuwa ya ajabu kidogo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipita ndani ya wilaya na kusimama Mzenga ikielekea Zambia, lakini mkulima wa Kisarawe aliyetaka kupeleka mihogo sokoni aliweza kukosa lori wiki nzima.

Kibaha: gari linalofika kwa vipande

Jibu la serikali lilijengwa Kibaha, na hapa ndipo historia ya wilaya hizi mbili inapokuwa na uzito wa kitaifa. Kibaha ilikuwa imekwisha kuwa na uhusiano na nchi za Skandinavia kupitia Mradi wa Nordiki ulioanza 1963, ukaanzisha shule, kituo cha afya na mafunzo ya ukulima, na ukakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Ilikuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka bandarini, yenye ardhi ya kutosha. Hapo kikawekwa kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori na mabasi ya Scania kwa ubia na watengenezaji wa Sweden. Katika muongo wa 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland nayo yaliunganishwa Kibaha.

Mantiki ya kuunganisha ni rahisi kuieleza. Badala ya kununua lori zima, nchi inanunua lori lililofunguliwa, likiwa ndani ya makasha. Chesisi, injini, giaboksi na ekseli hufika kwa meli, na kazi ya kuzifunga, kupiga rangi na kujenga bodi hufanywa na wafanyakazi wa hapa. Gharama ya kazi inabaki nchini, mafundi wanajifunza, na taratibu vipande vya ndani vinachukua nafasi ya vile vya nje. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa.

Ugumu ulikuwa kwamba kasha la vipande lilihitaji dola zilezile ambazo lori zima lilizihitaji. Kiwanda kilichojengwa ili kupunguza utegemezi wa fedha za kigeni kiligeuka mteja mpya wa fedha hizo, tena mteja asiyeweza kusubiri, kwa kuwa kiwanda kisipopata makasha bado kinalipa mishahara. Msaada wa Sweden wa kugharimia uagizaji uliziba pengo hilo kwa kiasi, lakini msaada unaomwezesha mpokeaji kununua vipande vya mtoaji ni daraja lenye upande mmoja. Ni vigumu kukubaliana na maandishi yanayoiona TAMCO kama mfano tu wa uzembe wa mashirika ya umma. Kiwanda kilifunga malori yaliyofanya kazi, na Scania likawa jina la kawaida katika barabara kuu za Tanzania kwa namna ambayo halijawahi kuwa kwa nchi jirani nyingi. Tatizo lake halikuwa ndani ya ukuta wa kiwanda.

Jirani yake alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Mradi wa Nyumbu, uliokuwa chini ya ulinzi wa taifa na kuhusishwa na nia ya Mwalimu Nyerere ya kuona lori la Kitanzania, uliwekwa Kibaha na mwaka 1985 ukapewa sura ya shirika. Lori lake lilipewa jina la mnyama anayesafiri mbali katika kundi na asiyechagua njia. Nyumbu halikukusudiwa kuwa kasha la vipande vya mtu mwingine. Lilikusudiwa kusanifiwa na kutengenezwa hapa kwa kadiri ilivyowezekana, ikiwemo kuyeyusha na kuchonga vyuma. Halikufikia uzalishaji wa wingi. Lilichoacha ni mashine, kalibu na watu waliojua kutengeneza kipande badala ya kukisubiri, na tofauti hiyo ndiyo iliyokosekana kwa Graetz mwaka 1907.

Kwa hiyo katika muda wa miaka michache na katika eneo dogo, Kibaha ilikuwa na majibu mawili kwa swali moja. TAMCO ilijibu kwa kuleta gari likiwa vipande, na Nyumbu ikajibu kwa kutengeneza vipande. Jibu la tatu, ambalo halikuwa na bango wala bajeti, lilikuwa chini ya mwembe.

Gereji bubu

Jina lenyewe, gereji bubu, ni la kiutawala kabla ya kuwa la mtaani: gereji isiyo na leseni, isiyosema, isiyoandikwa. Ndani yake ndimo gari lililoagizwa kwa mgawo wa 1974 lilimofanyiwa kazi ili lifike 1984. Kichwa cha injini kilichopasuka kilichomelewa. Springi ya lori moja ilikatwa ikafaa lori jingine. Bedford lilipewa injini isiyo yake, na Land Rover likabaki na jina na bodi tu ya kule lilikotoka. Uharibifu huo wa asili ungemchukiza mkusanyaji wa magari ya kale wa leo, anayetaka hata skrubu iwe ya mwaka uleule. Kwa fundi wa Kisarawe au wa Maili Moja lilikuwa sharti la gari kuendelea kuwapo.

Hapa panahitajika tahadhari. Kuna uandishi unaomtukuza fundi wa gereji bubu mno, kana kwamba uhaba ulikuwa shule bora na si adha. Breki iliyotengenezwa kwa kubahatisha iliua watu. Lori lililozidishiwa mzigo kwa sababu hakukuwa na lori la pili lilipinduka kwenye miteremko. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, nacho ni kwamba ujuzi wa kurefusha maisha ya gari ulikuwa halisi, ulikuwa mpana kuliko wa kiwanda, na haukuandikwa popote katika hesabu za uchumi wa taifa.

Mlango unafunguliwa

Bajeti ya 1984/85, iliyowasilishwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu watu wenye fedha zao nje ya nchi kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipataje. Miongoni mwa vilivyofurika ni magari ya pikapu. Mwaka mmoja kabla yake magari binafsi ya abiria yalikuwa yamekubaliwa kisheria jijini Dar es Salaam kusaidia shirika la UDA, na pikapu zilizowekewa mabenchi ya mbao zikaitwa chai maharage. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifuata 1986, na sheria ya fedha za kigeni ya 1992 ikaondoa mgawo. Katika miaka minane hivi, swali la nani amepewa dola lilikwisha. Mwenye dola alinunua.

Alichonunua kilikuwa gari lililotumika Japani. Sababu zinajulikana: Japani huendesha kushoto kama Tanzania, ukaguzi wake wa magari hufanya gari la miaka michache kuwa ghali kulitunza huko, na meli za kubeba magari ziliifanya nauli kuwa nafuu. Toyota Hiace iliyochoka Yokohama ilianza maisha ya pili kati ya Mlandizi na Dar es Salaam. Makasha ya vipande hayakuweza kushindana nayo. Lori kuukuu la Ulaya lililofika zima lilikuwa rahisi kuliko lori jipya lililofika likiwa vipande, na uunganishaji wa Scania Kibaha ukafifia hadi kukoma. Ikumbukwe pia kwamba mitumba hiyo ilifanya jambo ambalo mipango ya miaka 20 haikulifanya: iliipa Kisarawe usafiri wa kila siku.

Umri unakuwa kosa

Kufunguliwa kwa mlango ndiko kulikozaa ushuru wa uchakavu. Mgawo ulipoondoka, serikali ilibaki na kodi kama chombo pekee cha kuchagua gari gani liingie, na umri ndio uliokuwa rahisi kuusoma katika hati. Kenya ilichagua kukataza kabisa magari yaliyozidi miaka 8. Tanzania ilichagua kuyatoza. Kizingiti cha miaka 10 kwa magari yasiyo ya kazi kilishushwa hadi miaka 8 katika mwaka wa fedha 2014/15, na baadaye viwango vikagawanywa: asilimia 15 kwa miaka 8 hadi 10, na 30 kwa zaidi ya hapo. Hoja zilizotolewa bungeni kwa miaka hiyo zilikuwa mazingira, usalama wa barabarani na nchi kutogeuzwa jalala la magari ya wengine.

Hoja hizo haziwezi kupuuzwa. Injini chakavu hutoa moshi, na mwenye kipato kidogo hununua gari la bei ndogo bila uwezo wa kulitengeneza. Lakini ushuru unaotazama mwaka wa kutengenezwa pekee una athari mbili ambazo hazikukusudiwa. Kwanza, unamwangukia zaidi mnunuzi wa gari la bei ya chini, ambaye hakuwa na uwezo wa kununua la miaka 7. Pili, unafuta kabisa uwezekano wa gari la kihistoria. Mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, unaotumiwa na forodha za Afrika Mashariki, una kifungu namba 97.05 kwa ajili ya vitu vya mkusanyiko vyenye thamani ya kihistoria. Katika nchi kadhaa za Ulaya magari ya kale huweza kuingia kupitia kifungu hicho, na mzozo wa kisheria huwa ni masharti gani gari litimize: hali yake ya asili, uadimu wake, kutotumika kwake kwa usafiri wa kawaida. Mjadala wa namna hiyo haujajengeka katika sera ya kodi ya Tanzania. Gari huingia kwa kifungu cha magari ya abiria, namba 87.03, na mwaka wake husomwa kama ugonjwa.

Wakati huohuo Kibaha imerudia jibu lake la zamani. Mwaka 2015 NDC, lililokuwa mbia wa serikali katika viwanda vya aina hii tangu mwanzo, liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland wa matrekta 2,400 kwa mkopo nafuu wa dola milioni 55, yaunganishwe katika eneo lilelile la TAMCO. Makasha yalianza kufika, kisha Ursus ikafilisika kwao, na matrekta yaliyokwisha kuuzwa yakabaki na swali la zamani la vipuri. Katika miaka ya 2020 kampuni binafsi ya GF imekuwa ikiunganisha malori ya FAW ya China Kibaha. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, inapita Pugu, Soga na Ruvu, vituo vilevile vya Wajerumani, na bandari kavu ya Kwala imejengwa wilayani Kibaha ili makasha yatoke Dar es Salaam kabla ya kufunguliwa.

Sera inayotoza umri na sera inayohimiza uunganishaji hutetewa pamoja, kwamba ya kwanza inailinda ya pili. Kwa malori hoja hiyo ina nguvu. Kwa gari dogo la abiria haina, kwa kuwa Kibaha haiunganishi gari linaloweza kuchukua nafasi ya Toyota ya miaka 12, sembuse ya Mustang ya 1964. Anayelindwa na ushuru huo ni mwagizaji wa gari la miaka 7.

Lori la Scania lililofungwa TAMCO katika muongo wa 1980 sasa linakaribia au limetimiza miaka 40. Machache bado yanaonekana, bodi zimebadilishwa, injini zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi kiasi kwamba kilichobaki cha Sweden ni chesisi na namba iliyogongwa juu yake. Kwa historia ya viwanda vya Tanzania hizo ni nyaraka, pengine za kuaminika kuliko taarifa za mwaka za shirika, kwa sababu zinaonesha weldi ya mfanyakazi wa Kibaha ilivyoshika. Hazijaorodheshwa popote, na chuma chakavu kinanunuliwa kwa kilo.